Tangi la sebuleni: shajara ya siku 77, Ngamiani, Tanga

Siku ya 1, Jumapili

Tangi la samaki limesimama. Vioo ni vya milimita 8, masalia ya kazi ya madirisha ya duka. Urefu sentimita 80, upana 35, kina 40. Silikoni nimetumia ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Ile ya bafuni ina dawa ya ukungu ndani yake, na dawa hiyo ikishaingia majini haichagui ukungu wala samaki. Limekauka wiki nzima, likalala na maji uani usiku mmoja, halikutoa hata tone. Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu, kwa hiyo hapo nilijiona nimemaliza kazi.

Chini nimetandaza samadi ya ng'ombe iliyokauka, unene wa kidole. Mimea bila mbolea itakula nini? Juu yake mchanga mweupe niliouchota Raskazone, nikauosha mpaka ulimi haukusikia chumvi. Halafu mawe mawili ya matumbawe, yenye matundumatundu, kama yale yaliyojengea nyumba za zamani huku pwani. Maji ni ya bomba, moja kwa moja kwa mpira, kama lita 90 hivi.

Mimea: yungiyungi mdogo kutoka dimbwi la njia ya Pangani, pamoja na jani moja la manyoya lisilo na mizizi kutoka dimbwi hilohilo. Kutoka Dar zimekuja kwa basi aina mbili, Vallisneria yenye majani marefu kama ukindu, na mche mmoja wa Anubias. Chujio ni sponji inayovutwa na pampu ndogo ya hewa. Taa ni ya LED, nimeiwasha tangu asubuhi mpaka tulipokwenda kulala.

Mama mkwe amesimama akatazama. "Samaki wa kula au wa kutazama?"

"Wa kutazama, mama."

"Haya," akarudi uani kwenye makopo yake ya mchicha.

Siku ya 3

Maji yamekuwa kama tui la pili. Jiwe la nyuma silioni.

Siku ya 4

Nilidhani ni vumbi la mchanga nisiouosha vizuri. Nimechota glasi moja jana usiku nikaiacha juu ya kabati. Vumbi lingetuama mpaka asubuhi, likaacha tabaka chini na maji safi juu. Glasi imeamka vilevile, nyeupe toka juu hadi chini. Basi hiki kitu hakina uzito wa vumbi. Ni kitu kinachoelea kwa sababu ni kidogo mno, na kinaongezeka.

Siku ya 6

Nimebadili maji nusu jana, leo weupe umerudi. Mama mkwe akasema maji ya mtoni kwao walikuwa wakiyasafisha kwa mbegu za mlonge: unazimenya, unazitwanga, unakoroga, unaacha yatulie. Ni kweli kabisa, mbegu za mlonge zina protini inayokusanya uchafu mpaka unazama. Akatwanga mwenyewe, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina.

Jioni maji yalikuwa yanang'aa kama ya Idi. Binti yangu akaleta majirani waje kuona.

Siku ya 8

Maji angavu, basi nikaona tangi limepona. Nimeweka samaki wadogo waitwao gapi, sita, kutoka kwa kijana anayewafuga kwenye pipa dhidi ya mbu.

Siku ya 9

Weupe umerudi, mzito kuliko wa kwanza. Leo nimeelewa nilichofanya. Ule weupe ni bakteria wanaokula masalia ya vitu vilivyooza, na samadi yangu imewafungulia hoteli. Mlonge uliwashusha chini kwa siku mbili, lakini ungaunga wake uliobaki majini nao ni chakula. Ndiyo maana watu wanaosafisha maji kwa mlonge huyanywa mapema, hawayaweki mtungini siku nyingi. Mama mkwe alijua hilo. Alidhani maji yangu ni ya kunywa na kumaliza.

Jani la manyoya linapukutika. Anubias inanyauka tangu kwenye shina, lile shina nene la kulala kama tangawizi. Nimeligusa limelegea.

Siku ya 10

Gapi wanne wamekufa. Mashavu yao yalikuwa mekundu, na jana mchana kutwa walikuwa juu wakihema. Wawili waliobaki nimewahamishia kwenye ndoo ya maji yaliyolala wazi usiku kucha, pamoja na kichane cha Vallisneria. Binti hajaniuliza kitu. Ni afadhali angeuliza.

Siku ya 11

Vipimo vya matone vimefika kutoka Dar. Ningevinunua kabla ya samaki, kabla hata ya mimea, ila nilikuwa na haraka ya kuona kitu kinachocheza nyuma ya kioo changu.

Amonia: miligramu 4 kwa lita. Nitriti: 0. Nitrati: 0. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (namba ikipanda, uchachu unapungua): 8.4. Joto: nyuzi 29.

Nimekaa na namba hizi usiku kucha na nataka niziandike vizuri, kwa sababu hapa ndipo kisa chote kilipo.

Amonia hutoka kwenye kinyesi cha samaki, chakula kilichobaki, na kila kinachooza. Kwangu mimi, samadi. Majini hukaa kwa sura mbili. Sura moja imeshika chembe ya haidrojeni na haina ukali sana. Nyingine iko huru, hupenya kwenye mashavu ya samaki na kuwaunguza. Kipimo cha matone kinazihesabu zote kwa pamoja. Kinachoamua ngapi ziko huru ni pH kwanza, joto baadaye. Katika maji ya nyuzi 29 yenye pH 7, zilizo huru hazifiki hata 1 kati ya 100. Kwenye pH 8.4 zinafika kama 16 kati ya 100. Amonia ileile, kipimo kilekile, sumu zaidi ya mara ishirini.

Kwa hiyo samadi ndiyo iliyoleta bunduki, lakini kuna kingine kilichotia risasi. pH 8.4 imetoka wapi?

Nikapima maji ya bomba. Maji yetu hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani, yaani Mto Zigi unaoteremka kutoka Usambara Mashariki. Niliyaacha kwenye bakuli wazi mpaka asubuhi ndipo nikayapima, maana yakitoka tu kwenye mpira huwa na hewa iliyobanwa na pH inadanganya. Nimepata 7.4. Kumbe maji yaliingia na 7.4, yakapandia humuhumu ndani.

Siku ya 12

Siki ya jikoni, ile ya kachumbari. Nimeweka kijiko cha mchanga wa Raskazone kwenye kisahani na kumwagia. Umechemka! Povu limepanda kama soda. Jiwe la matumbawe nalo, tone moja tu, likatoa mapovu kwenye kila tundu.

Mchanga huu mweupe kwa sehemu kubwa si jiwe la mlimani lililosagika. Ni kombe, matumbawe na magamba, yaani chokaa. Siki inaiyeyusha kwa fujo, maji yanaiyeyusha polepole mchana na usiku. Maji yaliyoshiba chokaa huku yakigusa hewa hutulia kwenye pH ya 8.2 au 8.4 hivi, na hapo ndipo yangu yalipotulia. Bahari inataka hivyo. Yungiyungi wangu wa dimbwini hataki.

Niliwaza kununua dawa ya kushusha pH. Halafu nikawaza: nikishusha leo, mchanga utapandisha kesho, nitashusha tena keshokutwa, na samaki watapanda na kushuka kama lifti. Mchanga utoke.

Sura ya kuchekesha ni kwamba Vallisneria, mmea pekee uliokuwa umekaza, ni ule unaoyapenda maji ya chokaa. Mingine yote ilikuwa inalia, huo unatoa watoto pembeni.

Siku ya 14, Jumamosi

Nimevunja kila kitu. Maji yametoka kwa mpira kwenda ndoo sita, mama mkwe akazipokea mlangoni zote kwa ajili ya mchicha, hata ile ya mwisho iliyokuwa nyeusi. Nilipofukua mchanga nyumba nzima ilinuka yai viza. Chini kulikuwa na mabaka meusi, samadi iliyooza bila hewa na kutoa haidrojeni salfaidi. Samaki wangekuwa ndani wakati ule nafukua, hao wawili nao wangewafuata wenzao.

Samadi imeenda kwenye makopo uani, mahali ilipostahili tangu mwanzo.

Mchanga mpya ni wa mto, wa mafundi ujenzi. Nimeujaribu kwa siki hukohuko kwenye lundo, mwenye lori akinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Haukuchemka. Nimeuosha mara tisa. Mawe nimepata mawili kutoka upande wa Muheza, ya kijivu yenye mistari, nayo hayakuchemka. Samadi, hapana. Mchanga mtupu.

Sponji ya chujio sikuiosha. Niliitia kwenye ndoo ya maji ya tangi ikavuta hewa huko muda wote wa kazi. Bakteria wanaotakiwa hawaishi majini yenyewe kwa wingi, wanang'ang'ania kwenye vitu: sponji, mawe, mchanga. Nimetupa mchanga na mawe, wamebaki wa sponji tu, kama wapo.

Anubias: nusu ya shina imeoza. Kosa ni langu, niliifukia kama muhogo. Lile shina linatakiwa liwe nje, mizizi tu ndiyo ishike jiwe. Nimekata palipolegea, kipande kigumu chenye majani matatu nimekifunga kwenye jiwe kwa uzi wa cherehani.

Maji safari hii yamelala kwenye pipa wazi siku moja, pampu ikiyachemsha kwa hewa, ili klorini itoke. Klorini imewekwa ili iue bakteria, na kwenye bomba ni sawa. Ila mimi humu nataka kuwafuga.

Siku ya 15 hadi ya 32

Kungoja. Samaki wawili bado wako ndooni, nabadili maji yao kila siku, binti amewapa majina ambayo sitayaandika kwa sababu moja ni langu.

Naweka mle ndani unga wa dagaa, ncha ya kijiko, ili uoze utoe amonia. Kuna kundi moja la bakteria linalogeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili, ambalo humo kuna Nitrospira, linalogeuza nitriti kuwa nitrati. La pili haliwezi kushiba kabla la kwanza halijapika. Ndiyo maana namba zinakuja kwa foleni:

Siku ya 17: amonia 2, nitriti 0.
Siku ya 21: amonia 2, nitriti 0.25. Nilimwita mke wangu aje aone rangi. Akasema ni nzuri.
Siku ya 26: amonia 0.5, nitriti zaidi ya 5, zambarau iliyokolea mpaka ikawa haina maana tena.
Siku ya 32: amonia 0, nitriti 1, nitrati 40.

pH imetulia 7.4 bila mimi kufanya lolote.

Siku ya 33

Maji ya kijani. Si ukoga kwenye vioo, ni maji yenyewe, kama juisi ya ukwaju mbichi. Safari hii sikukimbilia mlonge.

Glasi usiku kucha: haikutuama. Ni mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Mwani unataka vitu viwili, mwanga na chakula. Chakula kipo, nitrati 40. Na mwanga, nilipohesabu, nilicheka mwenyewe. Taa inawaka saa kumi na tatu, na kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi jua la dirisha la mashariki linapiga kioo cha ubavuni. Dirisha hilo nililiweka mimi mwenyewe mwaka juzi, na nilimwambia mwenye nyumba kwamba litaleta mwanga mzuri.

Dawa: kanga mbili na boksi la friji juu ya tangi, giza tupu siku nne, pampu ya hewa ikiendelea. Mimea yenye akiba ndani yake inavumilia siku nne. Mwani hauna akiba ya kutosha.

Siku ya 37

Nimefunua. Maji yameonekana mpaka nyuma. Nimebadili nusu siku hiyohiyo, kwa sababu mwani uliokufa unaoza na kurudisha amonia, sitaki kurudi darasa la kwanza. Dirisha limepata pazia. Taa kwa muda wa saa sita, saa nane mchana mpaka saa mbili usiku, wakati ambao watu tupo nyumbani kuitazama.

Yungiyungi ameangusha majani yote ya zamani na kutoa mawili mapya, madogo, mekundu, ya chini ya maji. Nilidhani anakufa. Kumbe alikuwa anavua nguo za dimbwini.

Siku ya 41

Mtihani: jana saa moja jioni nimeweka amonia mpaka kipimo kikasoma 2. Leo saa moja jioni: amonia 0, nitriti 0. Nimebadili theluthi mbili ya maji kupunguza nitrati, kisha gapi wawili wamerudi. Sikuwamwaga tu. Nimewatia kwenye bakuli linaloelea, nikaongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika kumi, kwa saa moja. Binti ndiye aliyeshika kikombe.

Siku ya 49

Ramadhani imeingia, kwa hiyo niko macho saa ambazo zamani sikuwa nazijua. Nimeamka daku nikawasha taa ya sebuleni, nikakuta samaki wote wawili juu kabisa, midomo imebandika kwenye uso wa maji, wakihema kama siku ile. Moyo ukanishuka. Nikapima kabla ya kula: amonia 0, nitriti 0, pH 7.2. Si sumu.

Joto: 31, alfajiri. Kaskazi ya mwezi huu haina huruma. Maji yakipata joto yanabeba oksijeni kidogo: ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5 tu, hata yakishiba. Na mimea, ambayo mchana inatoa oksijeni, usiku inavuta kama sisi. Mimea imeongezeka, samaki wapo, bakteria wapo, wote wanavuta kwenye kapu moja.

Lakini jibu lenyewe lilikuwa limelala ukutani. Pampu ilikuwa imezimwa. Mke wangu alilalamika wiki iliyopita kwamba inanguruma kama jokofu bovu, nikawa naizima tukilala na kuiwasha asubuhi. Bakteria wa sponji nao walikuwa wanakaa usiku kucha bila maji kupita.

Nimeitundika pampu kwa kamba, haigusi ukuta wala kabati, na sasa unasikia mapovu tu. Kifuniko cha kioo nimekiinua kwa vipande vya raba ili hewa ipite. Kesho yake daku: samaki wako katikati, wanalala. Mke amekubali mapovu.

Siku ya 58

Majani ya zamani ya yungiyungi na Anubias yana vitundu kama vya sindano, vyenye ukingo wa njano. Mapya ni mazima. Upungufu ukianzia majani ya zamani maana yake mmea unakihamisha kitu kutoka kwao kwenda kwa wachanga, na vitundu vya aina hii kwa kawaida ni potasiamu. Chakula cha samaki kinaleta naitrojeni na fosforasi ya kutosha, potasiamu haba.

Duka la pembejeo wakanipa mbolea ya NPK kwanza. Nikakataa, ina amonia. Nimechukua salfeti ya potasiamu. Gramu moja kwenye lita zangu 90 inaongeza potasiamu kama miligramu 5 kwa lita. Ninaiyeyusha kwenye kikombe na kuimimina kila Jumamosi baada ya kubadili maji. Mizani nimeazima kwa sonara wa barabara ya jirani.

Siku ya 66

Majani mapya hayana vitundu. Ya zamani hayatapona, nayakata. Kuna watoto wa gapi saba ndani ya lile jani la manyoya, wadogo kama kope. Hakuna cha kuandika kingine, nilikaa nikawatazama mpaka futari.

Siku ya 77, Jumamosi

Amonia 0, nitriti 0, nitrati 5, pH 7.2, joto 28. Mvua ya kwanza ya masika imepiga usiku.

Nitrati ilikuwa 40 siku ya 32, na yale mabadiliko makubwa ya maji yaliishusha. Lakini tangu hapo nabadili lita 20 tu kila wiki, samaki wanaongezeka, na bado haikupanda. Nilipima mara mbili nikidhani matone yameharibika.

Nimepeleka ndoo uani kama kawaida. Mama mkwe ameimwagia mchicha, akainama akaangalia majani, halafu akaniambia bila kugeuka: "Mwanangu, maji yako siku hizi hayana nguvu. Yale meusi ya mwanzo ndiyo yalikuwa maji."